Antijeni peke yake haiamshi seli T

Ukiionyesha seli T, seli ya kinga inayoweza kuua saratani, kipande cha protini ya saratani (antijeni) na kuishia hapo, haiamki. Inataka mambo matatu kwa pamoja: antijeni iliyoshikwa na HLA (protini inayoionyesha juu ya seli), mguso wa CD80 na CD86 (protini nyingine za juu ya seli hiyo), na saitokini, yaani protini za kupeana ishara, hasa IL-12. Mwenye yote matatu ni seli dendriti, ile waliyoieleza Ralph Steinman na Zanvil Cohn mwaka 1973.

Katika damu ni haba mno, kwa hiyo tunazitengeneza maabara kutokana na monositi, aina ya seli nyeupe za damu. Seli nyeupe zilizotengwa hukaa saa mbili kwenye chupa ya plastiki, nyuzi 37. Monositi hunata chini, zilizobaki unazisuuza taratibu. Kisha kila mililita ipate uniti 800 za GM-CSF na 500 za IL-4, saitokini mbili za kuzibadilisha, na siku ya tatu uongeze tena. Bila IL-4 utavuna makrofaji, seli za kinga za aina nyingine.

Siku ya sita seli zimejibandua, zinaelea, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Zinaonekana tayari, kumbe bado changa. Ukizikutanisha na seli T sasa, unaweza kuzifundisha kuuvumilia uvimbe uleule unaopigana nao! Zikomaze kwanza kwa saa 24 hadi 48: TNF-α na IL-1β nanogramu 10 kila moja kwa mililita, IL-6 uniti 1,000, na prostaglandini E2 mikrogramu 1. Hii ya mwisho huongeza CCR7, kipokezi kinachoipeleka seli kwenye tezi za limfu, ila hupunguza IL-12. Kwa seli za kumdunga mgonjwa naitumia. Kwa kazi ya ndani ya chupa naona haina faida.

Usiendelee kabla hujapima: CD14, alama ya monositi, iwe imepotea, na CD83, alama ya ukomavu, iwe imejitokeza. Kwenye hadubini, seli iliyokomaa ina vinyuzi vilivyotoka pande zote.

Zipe peptidi (kile kipande cha protini ya saratani) mikrogramu 10 kwa mililita, saa mbili, suuza, kisha changanya seli dendriti moja kwa seli T kumi. Siku ya pili au ya tatu utaona vishada, seli T zimeizunguka dendriti kama zabibu. Usivivunje kwa pipeti. IL-2, saitokini ya kukuza seli T, isubiri hadi siku ya tatu, maana ikiwahi huzikuza hata seli T zisizohusika, pamoja na zile zinazozima kinga. Anza na IL-7 na IL-15, saitokini nyingine za seli T.

Baada ya siku saba hadi kumi rudia kwa seli dendriti mpya, ulizogandisha akiba mapema. Zile za kwanza hutazikuta: seli T zilizoamka zimeziua, kwa kuwa nazo zilibeba peptidi hiyohiyo.