Tuache kusingizia idadi ya episodi

Juzi tena. Nimekaa na mpwa wangu tunatazama Tokyo Ghoul:re, anime (katuni ya Kijapani ya televisheni) inayoendeleza Tokyo Ghoul, hadithi ya mazimwi wanaokula watu. Akanigeukia: "Mjomba, shida ni episodi chache tu. Wangeongeza, ingekaa sawa." Nikanyamaza kwa heshima ya mama yake aliyekuwa jikoni. Mimi kazi yangu ni kuhariri tamthilia za televisheni, nakata sini kutwa nzima kwa sekunde, na hoja hii nimeisikia mpaka inanikera kama nzi kwenye chai.

Tupige hesabu. Manga ya kwanza ya Sui Ishida, yaani hadithi ya picha kitabuni iliyozaa anime, ina sura 143, na ya :re ina 179. Mwaka 2014 Studio Pierrot, watengenezaji wa anime, walitoa msimu wa kwanza wa episodi 12 uliomaliza karibu nusu ya zile 143. Hiyo ni kama sura sita kwa episodi. Mwaka 2018 wakazibana zile 179 katika episodi 24, sawa na saba na nusu. Ukitoa wimbo wa kufungua na wa kufunga, unabaki na dakika kama 21, yaani kila ukurasa wa manga unapata sekunde tisa hivi. (Najua ninaonea kidogo, ukurasa wa mapigano unapita kwa sekunde mbili.) Lakini angalia: sita na saba na nusu. Zimepishana, sawa, ila si kiasi cha kugeuza watu kuwa vivuli. Msimu wa kwanza nao ulikimbia, na watu walilia.

Kukimbia si kuruka. Anayekimbia bado anakanyaga chini.

Muda ukikubana kwenye meza ya uhariri, hukati mapigano. Mapigano yamegharimu pesa, na ndiyo yatakayowekwa kwenye tangazo. Unakata pale ambapo hakuna anayempiga mtu. Niliwahi kufanya hivyo mwenyewe. Mama amemzika mumewe, na usiku ule anaosha vyombo vya msiba. Anafika kwenye sahani ya marehemu, anaisugua mara mbili, anaifuta, anaiweka kabatini peke yake. Sekunde 40, hakuna neno. Episodi ilikuwa imezidi kwa sekunde hizohizo 40, nikaona Mungu ni mwema, nikaitupa. Wiki iliyofuata mama anamkatalia shemeji yake anayetaka kumrithi, na watazamaji wakaja juu: huyu mama kiburi hiki kakitoa wapi? Hakuna aliyeuliza sahani iko wapi. Wasingeweza kuijua.

Sasa twende kwa Kaneki, mhusika mkuu, kijana aliyegeuzwa nusu zimwi. Mwisho wa msimu wa kwanza, Yamori, zimwi wa kundi la Aogiri, anamfunga kwenye kiti, anamtesa, na kumlazimisha ahesabu kurudi nyuma kutoka elfu moja, akitoa saba kila mara: 993, 986, 979. Episodi karibu nzima ni mtu mmoja kwenye kiti na mazungumzo yaliyo kichwani mwake. Kwa mhariri mwenye haraka, ile ni "sini tupu" ya dakika ishirini. Wakaiacha. Ndiyo maana nywele zilipogeuka nyeupe hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kisha 2015 ikaja √A, msimu wa pili. Kaneki anajiunga na Aogiri, kundi lilelile lililomteka. Kwenye manga hafanyi hivyo, anaunda kikosi chake kupambana nalo. Kubadilisha si dhambi, mimi nabadilisha miswada kila wiki. Ila uamuzi mzito namna ile unataka walau sini moja ya kuuhalalisha, na tulichopewa ni Kaneki kunyamaza, episodi baada ya episodi. Hapa nina wasiwasi na hukumu yangu, nikiri. Huenda ukimya ule ulikusudiwa, na mimi niliyesoma manga kwanza namdai Kaneki mwingine. Mpwa wangu hajaisoma, naye anasema alimwelewa. Sina jibu la kumpa.

Kwa Shirazu wa :re sina wasiwasi. Kijana huyu wa Quinx, kikosi cha wawindaji wa mazimwi, anatafuta pesa za kumtibu dada yake. Anamuua zimwi aitwaye Nutcracker, kisha silaha iliyotengenezwa kutokana na mwili wa zimwi huyo inamshinda kuishika. Kwenye manga hofu hiyo inakaa naye, unaiona ikimla. Kwenye anime inapita kama basi lisilosimama kituoni. Akifa, Urie, mwenzake wa kikosi, anamlilia kwa uchungu, uigizaji wa sauti ni wa hali ya juu, na mimi nimekaa kwenye kochi namhurumia Urie kama ninavyomhurumia mtu niliyepishana naye nje ya mochwari.

Nikamwambia mpwa wangu: haya, nakupa episodi 50. Sasa nieleze Hide. √A inaisha Kaneki akitembea kwenye theluji na mwili wa rafiki yake huyo Hide mikononi, sini ndefu, taratibu, yenye muda wote unaoutaka wewe. Halafu :re inarudi kufuata manga, na Hide yu hai.

Akafikiri kidogo. "Labda alikuwa amezimia tu."

Mama yake akatuita tukale.