Hujameza kamera

Jirani yangu alirudi kutoka kupimwa tumbo akatangaza kwamba amemeza kamera. Nikanyamaza. Siku chache baadaye mtangazaji wa redio akasoma habari ya "kamera mpya ya endoskopi", na nilipoisikiliza hadi mwisho nikakuta kilichovumbuliwa ni taa. Hapo uvumilivu ukaniishia.

Endoskopi ni kuutazama mwili kwa ndani kwa chombo kinachopitishwa kwenye tundu la asili, yaani kinywa, pua, njia ya mkojo au ya haja kubwa, au kwenye tundu dogo analokata daktari. Chombo chenyewe ni endoskopu. Maana ni hiyo tu. Sijataja kamera, na sijasahau.

Neno limetoka Kigiriki: *endon* ni ndani, *skopein* ni kutazama. Ni *skopein* hiyohiyo iliyo kwenye stetoskopu, ambayo kwa asili yake ni kitazama-kifua ingawa kila mtu anaitumia kusikiliza, kwa hiyo nakubali kwamba majina ya vyombo vya tiba hayakupangwa na mtu makini. Darubini nayo tuliipata Uajemi, *dur* ni mbali na *bin* ni kuona. Tungekuwa na wivu kidogo na lugha yetu, pengine endoskopu leo ingekuwa na jina la ukoo wa darubini.

Kamera ndiyo yenye kisa. Kwa Kilatini *camera* ni chumba. Wataalamu wa zamani walikuwa na chumba cha giza chenye tundu dogo ukutani. Mwanga ukipenya, picha ya nje inajichora kichwa chini kwenye ukuta wa pili. Kisanduku cha kupigia picha kikarithi jina la chumba hicho. Neno hilohilo lilipitia Kifaransa na Kiingereza likatufikia kwa mlango mwingine likiwa chemba. Ukimvuta mtu chemba umtete mwenzenu, au jaji akisikiliza shauri chemba, mnatumia neno moja na mpiga picha wa harusi. Basi kamera ni mahali ambapo picha inapokelewa na kuhifadhiwa au kupelekwa. Shikilia neno "mahali", maana ugomvi wangu wote uko hapo.

Kwa muda mrefu mno mahali hapo palikuwa jicho la daktari. Philipp Bozzini wa Frankfurt alitengeneza chake mwaka 1806 kwa mshumaa na vioo. Antonin Desormeaux wa Ufaransa, ambaye ndiye anayesifiwa kwa kukipa chombo jina la endoskopu, mwaka 1853 alikuwa na taa ya alkoholi na tapentaini, na joto lake lilikuwa tishio kwa mgonjwa na kwa daktari pia. Adolf Kussmaul wa Ujerumani alitaka kufika tumboni kwa bomba lililonyooka, na mwaka 1868 akamwomba msaada mtu aliyekuwa anajipatia riziki kwa kumeza panga. Sijui kama kitenzi "kumeza" kilianzia kwake, lakini angalia: hata yule hakuwa anameza. Upanga ulishuka, mpini ukabaki mkononi, upanga ukatoka. Kitu ukikimeza kweli, mkono haupo tena.

Kamera ya kwanza iliyofika tumboni kwa mafanikio ilitoka Japani, kampuni ya Olympus, mwaka 1950. Kwenye ncha ya bomba la mpira palikuwa na lenzi, kitaa kidogo na ukanda wa filamu. Ilikuwa kamera kwelikweli, na daktari hakuona kitu! Alizima taa za chumba akawa anafuata mwako uliopenya ngozi ya tumbo la mgonjwa kila kitaa kilipowaka, akakisia kilipo, akapiga tena. Alichokipiga alikiona baada ya filamu kusafishwa. Ndiyo maana nasema kamera na endoskopi ni mambo mawili. Mwaka ule kulikuwa na kamera ndani ya tumbo na hakukuwa na mtu anayetazama.

Mwaka 1957 likaja kinyume chake. Basil Hirschowitz, akiwa Chuo Kikuu cha Michigan, alijipitishia mwenyewe endoskopu ya nyuzi za kioo: maelfu ya nyuzi nyembamba zinazopinda na bado zikaubeba mwanga, kila uzi ukileta nukta moja ya picha. Sasa daktari anatazama, tena palepale, ila kamera hamna. Jicho lake liko kwenye tundu la juu, shingo imepinda, na anayejifunza anasubiri zamu yake ya kuchungulia. Uzi mmoja ukikatika, nukta nyeusi inabaki kwenye picha siku zote. Ukikuta chombo kizee cha aina hiyo utadhani mtu amekinyunyizia pilipili manga.

Viwili hivi vilikutana mwaka 1983, kampuni ya Welch Allyn ya Marekani ilipoweka chipu ya kupokea picha kwenye ncha ya endoskopu. Chipu za aina hiyo, CCD, zilibuniwa na Willard Boyle na George Smith mwaka 1969, na baadaye, mwaka 2009, zikawapatia Nobeli. Nyuzi za kuleta picha zikaondoka, waya ukashika nafasi yake. Daktari akanyoosha shingo, na chumba kizima kikaona kitu kimoja kwenye skrini. Nesi anayeshika koleo la kukatia kipande cha nyama cha kupimwa akaacha kuelekezwa kwa maneno.

Basi jirani yangu ana haki nusu: kwenye endoskopu ya tumbo ya siku hizi, chipu iko nchani. Lakini nenda kwenye upasuaji wa matundu madogo, ule wa kutoa kifuko cha nyongo, halafu uniambie kamera iko wapi. Mara nyingi haijaingia kabisa. Kinachoingia ni bomba la chuma lenye vijiti vya kioo vilivyopangwa kwa ustadi, wazo la mwanafizikia Harold Hopkins wa Uingereza, na kichwa cha kamera kimebanwa nje, mahali lilipokuwa jicho. Mgonjwa anaambiwa "tutaingiza kamera", na kamera yenyewe haigusi hata kitovu.

Ndiyo sababu mafundi hawasemi kamera peke yake, wanasema mfumo: kichwa au chipu, kebo, kisanduku cha kuchakata picha, taa, skrini. Uvumbuzi unaoboresha mfumo huu mara nyingi unagusa kiungo kimoja tu, tena kile usichokitarajia. Kuna uliotatua kelele: kisu cha umeme kinapowashwa, kebo inaokota mawimbi yake na skrini inajaa michirizi, hivyo picha ikageuzwa kuwa tarakimu mapema, ndani ya kichwa, kabla ya kusafiri. Kuna ulioziba unyevu, kwa sababu chombo kinachochemshwa kwa mvuke wa joto la nyuzi 134 kikipata upenyo wa unywele, lenzi inaingia ukungu kwa ndani ambako hakuna kitambaa kinachofika. Na taa ya yule mtangazaji inaelekea ilikuwa ya ile jamii inayochuja mwanga na kubakiza bluu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 415 na kijani ya 540 hivi. Damu inainyonya miale hiyo, kwa hiyo mishipa midogo inajitokeza myeusi kama mizizi, na uvimbe ambao ungepita bila kuonekana unajiumbua wenyewe. Kamera ni ileile. Kilichobadilika ni kinachoimulika.

Rangi nayo si zawadi ya bure. Baadhi ya mifumo hutumia chipu isiyojua rangi kabisa. Taa inamulika nyekundu, kijani, bluu kwa zamu, upesi, kisha kisanduku kinazikusanya. Ndiyo maana maji yakirushwa tumboni wakati huo matone hutoka na kingo za upinde wa mvua: kila rangi ililikuta tone mahali pengine. Na kabla ya kipimo utamwona nesi ameielekeza ncha kwenye shashi safi na kubonyeza kitufe. Anaionyesha mashine nyeupe ni ipi. Akiruka hatua hiyo, utumbo mzima unaweza kuonekana wa manjano, na daktari aanze kuwaza maradhi yasiyokuwepo.

Sasa, wapo waliomeza kamera kweli. Gavriel Iddan, mhandisi wa Israeli aliyewahi kushughulikia macho ya makombora, alibuni kidonge cha milimita 11 kwa 26 chenye kamera, taa, betri na kirusha mawimbi, nacho kikaruhusiwa Marekani mwaka 2001. Unakimeza kwa maji, unavaa mkanda wa kupokea picha, unaendelea na shughuli zako. Kinapiga picha mbili kila sekunde kwa saa nane hivi, zaidi ya 50,000, kikitembea utumbo mwembamba ambao mpira wa kawaida haufiki mbali. Hakigeuzwi, hakikati kipande cha nyama cha kupimwa, hakirudi nyuma kutazama tena. Kinatoka na choo.

Kwa hiyo jirani, nilipokukuta uani jana sikutaka kukuharibia simulizi mbele ya watoto. Wewe ulifanyiwa endoskopi ya tumbo. Kama muda wote kulikuwa na mtu ameshika upande wa pili, kisha akauvuta mpira wake akaondoka nao, hukumeza kitu.