Mabamba ya shaba: hati za ardhi za wafalme wa India

Nikipata bamba la shaba kutoka India ya kale, jina la mfalme huwa sianzi nalo. Naanza na pete. Hati ndefu ilichongwa kwenye mabamba kadhaa yenye tundu, yakapitishwa pete nene ya shaba, kisha ncha zake zikazibwa ndani ya muhuri wa mfalme. Pete ikiwa imekatwa, lazima niulize aliikata nani. Mara nyingi ni wasomi wa karne ya 19 waliotaka kunakili maandishi. Ikiwa ilikatwa kabla yao, basi huenda kuna bamba lililochomolewa, au lililochomekwa.

Kughushi kulikuwapo. Bamba la Madhuban, la mfalme Harsha, la mwaka 631 hivi, linasimulia kwamba Brahmana (mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu) aitwaye Vamarathya alikuwa akila mapato ya kijiji cha Somakundaka kwa hati bandia. Harsha aliivunja hati hiyo, akamnyang'anya kijiji na kuwapa Mabrahmana wengine wawili.

Ndiyo maana napenda zaidi sehemu ya mipaka, ambayo wengi huiruka wakikimbilia sifa za ukoo wa mfalme. Chukua mabamba 21 ya Leiden, yaliyopewa jina la mji wa Uholanzi yalikopelekwa. Rajaraja wa Kwanza, mfalme wa Chola, dola la kusini mwa India, aliyatoa mapato ya kijiji cha Anaimangalam kwa monasteri ya Kibuddha ya Nagapattinam, iliyojengwa na mfalme wa Srivijaya, ng'ambo ya bahari. Mabamba 5 ni ya Kisanskriti, yamejaa utukufu. Kazi yenyewe imo katika 16 ya Kitamil: tembo jike alizungushwa mpakani, yakasimikwa mawe na kupandwa mimea ya jamii ya mnyaa, ile ile yenye utomvu mweupe tunayozungushia maboma. Tembo akipita, kijiji kizima kinashuhudia.

Baada ya mipaka, hati nyingi hufunga kwa laana: atakayenyang'anya ardhi iliyotolewa, na yeye na mababu zake, watakuwa funza kwenye kinyesi.

Tusisahau kwamba kilichotolewa aghalabu kilikuwa haki ya kukusanya kodi. Wakulima walibaki pale pale wakilima. Hati ya Harsha inawaagiza wanakijiji wapeleke sehemu ya mazao na malipo mengine kwa wenye kijiji wapya, na wawatumikie.