Kufunga Kwaresima sio kukwepa nyama tu

Kila Jumatano ya Majivu ikifika, siku Kwaresima inapoanza, utasikia yaleyale, "mimi nafunga, sili nyama", halafu Ijumaa mtu huyohuyo anaagiza sangara mzima, chipsi na soda mbili, anajiona ametimiza. Jamani, hiyo ni sherehe!

Kwanza, kwa Wakatoliki sheria yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Siku za lazima kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 mpaka 59, unakula mlo mmoja kamili na viwili vidogo ambavyo hata ukivijumlisha havifikii ule mmoja. Nyama inaachwa siku hizo mbili na Ijumaa zote za Kwaresima, kuanzia miaka 14. Mgonjwa habanwi, na Jumapili hazihesabiwi kwenye zile siku 40 za Kwaresima.

Sasa kiroho, njaa peke yake haimhongi Mungu. Soma Isaya 58, watu wanalalamika mbona tunafunga na wewe huoni, wanajibiwa siku hiyohiyo ya mfungo mnawaonea wafanyakazi wenu na kugombana, mfungo ninaoutaka ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Yani unafunga wakati dada wa kazi hujamlipa miezi miwili, mlipe kwanza bwana. Ndo maana Kanisa linaweka kufunga, sala na sadaka pamoja, ile hela ya lanchi uliyoiacha inatakiwa itoke mfukoni iende kwa mhitaji, sio uitunze ya nyama choma ya Pasaka.