Shilingi 1,000 ya mtoto: inatengwa wapi, inakwama wapi

Kila Juni hotuba ya bajeti inaposomwa Dodoma, masikio ya wengi huku Tanga huwa kwenye bei: petroli, sukari, saruji. Lakini mengi yanayomgusa mtoto wa Mkinga au Kilindi yanakuwa yameshaamuliwa miezi kadhaa nyuma, kwenye vikao vya kijiji, kata na halmashauri, katika vifungu vidogo visivyotangazwa redioni.

Tuanze na kifungu cha lishe. Baada ya mikataba ya lishe kati ya Serikali na wakuu wa mikoa kusainiwa Desemba 2017, halmashauri zilielekezwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5, kutoka mapato yao ya ndani, yaani ushuru na ada wanazokusanya wenyewe. Kata yenye watoto 1,800 inatakiwa ipate 1,800,000 kwa mwaka, yaani 450,000 kwa kila robo. Ni fedha kidogo, lakini ndiyo mafuta ya pikipiki ya mhudumu anayekwenda kitongoji cha mbali siku ya afya na lishe ya kijiji, ndiyo betri ya mizani, ndiyo tepu ya kupimia mkono.

Tepu hiyo ni ukanda mwembamba wenye rangi tatu. Mhudumu huizungusha kwenye mkono wa kushoto wa mtoto wa miezi 6 hadi 59, katikati ya bega na kiwiko. Ikisoma sentimita 12.5 au zaidi ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, mtoto ana utapiamlo wa wastani. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na mtoto huyo anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Isipokuwepo tepu, mhudumu anabaki kukisia kwa macho, na macho hudanganya: mtoto aliyevimba miguu kwa kwashakoo anaweza kuonekana amenona.

Fundo liko kwenye maneno "mapato ya ndani". Muheza inategemea sana msimu wa machungwa, Pangani nazi na samaki. Makusanyo hayaji sawasawa mwaka mzima, na yakiyumba, kinacholipwa kwanza ni kile chenye mtu wa kukidai mlangoni: umeme, mafuta ya magari, posho za vikao. Mtoto wa miezi 8 hana wa kumsimamia pale dirishani kwa mweka hazina.

Ndiyo maana kutenga na kutoa ni mambo mawili. Halmashauri inaweza kutenga asilimia 100 ikatoa asilimia 40. Kwa kata yetu ya mfano hiyo ni 720,000, haitoshi hata robo mbili. Robo mbili zikipita bila fedha, mtoto aliyekuwa na miezi 8 anapimwa tena akiwa na miezi 14, wakati udumavu unatakiwa uzuiwe ndani ya siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi anapotimiza miaka 2. Na fedha zikishuka katikati ya Juni, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30. Zinanunuliwa tepu na mizani haraka haraka, zinawekwa stoo, na kwenye taarifa kifungu kinaonekana kimetekelezwa. Kwa hiyo kwenye mkutano usiishie kuuliza "mmetenga ngapi?" Uliza: "Hadi robo hii zimetoka ngapi, na zilitoka tarehe gani?"

Shuleni hesabu ni nyepesi zaidi kuifuata. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka wakati wa MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), 2002, na elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 kiwango kilikuwa kile kile. Katika hizo, 6,000 hupelekwa shuleni na 4,000 hubaki Serikali Kuu kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 600 inapata 300,000 kwa mwezi: chaki, karatasi za mitihani, bawaba za milango, vyoo. Bei ya rimu ya karatasi haikukaa ilipokuwa 2002, na pengo linaangukia kwa mzazi kwa jina la mchango. Mchango huo ni wa hiari. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu yake.

Kodi nayo ina funzo lake. Juni 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na Juni 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei dukani haikushuka. Punguzo la kodi hupita kwa mwagizaji, muuzaji wa jumla na wa rejareja kabla ya kumfikia msichana. Kila mmoja akibakiza kidogo, kwake hakifiki kitu. Binafsi naona fedha inayonunua taulo na kuzipeleka shuleni ni rahisi zaidi kuikagua.

Sasa, wapi pa kusemea. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi 3. Muhimu zaidi ni ule wa kupanga vipaumbele, kabla mapendekezo hayajapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata na baraza la madiwani. Ukisubiri Aprili, Bunge la bajeti likiwa limeanza, kazi ya kijiji imeshapita. Peleka hoja yenye idadi. "Tunaomba huduma bora" haina pa kuingizwa. "Watoto 214 chini ya miaka 5, zahanati iko kilomita 9, mizani moja mbovu tangu Machi" afisa mipango anaweza kuipigia hesabu. Kisha hakikisha imeandikwa kwenye muhtasari, maana kinachopanda kata ni muhtasari. Na kwa kuwa halmashauri ina ukomo wa bajeti, jiandaeni kusema kipi kisubiri ili hiki kipite.

Kwa zahanati, tangu 2017/18 sehemu ya fedha huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kwa wananchi, ndiyo husimamia matumizi yake. Mfahamu mjumbe wenu. Unapompeleka mtoto kliniki, soma ubao wa matangazo: tafuta kilichopokelewa, kilichotumika, na tarehe. Robo ikiwa imeisha na hakuna kilichoandikwa, muulize mjumbe wiki hiyo hiyo, muda wa kufuatilia halmashauri ukiwa bado upo.