Lichaneni Jedwali la "In", "On" na "At"

Kila muhula ukianza hapa Lamu naletewa madaftari yenye jedwali lilelile: "in" ni ndani, "on" ni juu, "at" ni kwenye. Jamani, lichaneni.

Kiswahili hakigawi mahali hivyo. Nipo sokoni, naenda sokoni, natoka sokoni: ile "-ni" haibadiliki, kitenzi ndicho kinachotuambia mtu anaelekea wapi. Na aliyefia baharini hahitaji kihusishi chochote, kwani kauli ya kutendea imeshamaliza kazi. Kiingereza hakinyambui vitenzi namna hiyo, kwa hiyo mzigo wote umeangukia vihusishi.

Angalia usafiri. Nahodha yuko "on a dhow", mvuvi yuko "in a canoe", mwenye punda yuko "on a donkey". Ukishika juu na ndani utapotea, maana nahodha na mvuvi wote wamo chomboni. Mwingereza hutazama zaidi chombo kinavyokubeba: una sakafu ya kusimama na kutembea, au umekaa umebanwa na kuta zake? Ndiyo maana basi ni "on", teksi ni "in". Matatu je? Humo husimami wima, lakini nasikia zote mbili, na kanuni ya kukupa sina. Boti ya mashine vilevile.

Mji ni "in Lamu". Kisiwa ni "on Lamu Island". Chombo kikitia nanga tu kisha kiendelee na safari, kimesimama "at Lamu". Ni palepale.

Wakati karirini tu: "at noon", "on Friday", "in April". Lakini kwa nini "in the morning" halafu "at night"? Anayedai kuna mantiki anawazuga.

Kinachonikera hasa ni kihusishi cha kupachika: "we reached at Mokowe", "we discussed about fees". Wala hakikutoka kwenye Kiswahili, maana sisi husema tumefika Mokowe, basi. Mtoto amefunzwa kwamba kila mahali pana "at" yake, naye ametii. "Arrive" ndiyo huitaka. "Reach" na "discuss" hushika yambwa moja kwa moja.

Halafu walimu wenzangu, acheni kumkata alama aliyemaliza sentensi kwa kihusishi. Lalamiko hilo ni la mshairi Mwingereza John Dryden, alipomkosoa mwandishi wa tamthilia Ben Jonson mwaka 1672, na Waingereza mpaka leo huulizana "Who did you come with?" bila wasiwasi.