Mbwa akiwa kazini, msalimu mwenyewe

Kazi yangu hapa Uingereza ni kuwafundisha wasioona kutembea na mbwa mwongozaji. Ndugu zetu wa Mombasa, Unguja na Dar wanaoishi huku huniuliza: nikikutana nao njiani, nifanyeje? Msalimu mtu, mbwa mwache.

Mbwa aliyevaa mkanda wenye mpini mgumu yuko kazini. Usimwite, usimpigie mluzi, usimpe hata kipande cha sambusa. Wengi hudhani mbwa ndiye anayejua njia. Sivyo. Njia anaijua mwenye mbwa, naye ndiye anayesikiliza magari na kuamua kuvuka; mbwa hasomi taa za barabarani. Kazi ya mbwa ni kukwepa vizuizi, kusimama ukingoni mwa barabara, na kukataa amri ya kuvuka akiona gari linakuja. Ukimshughulisha kidogo tu, mwenzake anaweza kujigonga kwenye nguzo au kushuka barabarani bila kujua. Ndiyo maana nalisisitiza sana jambo hili, hasa kwa wazazi wenye watoto wadogo.

Ukiona mtu kama amepotea, mwendee upande wa kulia, maana mbwa kwa kawaida hutembea kushoto kwake. Jitaje: “Shikamoo mzee, naitwa Asha, nikusaidie kuvuka?” Akikubali, mpe kiwiko akishike mwenyewe. Mpini usiuguse, ni kama kumnyang'anya dereva usukani. Na ukiondoka, aga, asije akabaki anaongea peke yake.

Kuhusu najisi, mimi pia nimelelewa katika madhehebu ya Shafi na naelewa uzito wake. Lakini mbwa mkavu akikupita na nguo yako ikiwa kavu, najisi haihamii kwako. Unyevu ndio unaodai kuosha mara saba, moja kwa udongo. Madereva wa teksi nawaomba walizingatie hili. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inawataka wambebe abiria na mbwa wake bila nyongeza ya nauli, isipokuwa dereva mwenye cheti cha msamaha kwa sababu za kiafya. Mbwa hulala sakafuni, miguuni pa mwenyewe, si kitini. Mwaka 2008 msikiti mmoja wa Leicester ulitenga mahali karibu na mlango pa kumpumzisha mbwa, ili kijana wa Kiislamu asiyeona aweze kuswali na wenzake. Habari ile ilinifurahisha mno.

Kama unaogopa mbwa, sema wazi. Mwenyewe atamvuta karibu au atamlaza chini. Na kama unawapenda, subiri mpaka avuliwe mkanda, kisha uombe ruhusa. Ukikataliwa, usinune: mbwa aliyezoea kupapaswa na kila mpita njia huanza kuwatafuta watu badala ya kuangalia njia, na kumrudisha kazini huchukua muda.